Baba Kendi, Gari Limeletwa

Baba Kendi,

Gari la ofisi limeletwa. Jipya, jeupe, viti bado viko kwenye plastiki. Wameliegesha pale nje ya dirisha langu la kazini, na kila nikiinua macho ninaliona.

Unakumbuka vile ofisi yetu ya leseni za makontrakta ilivyokuwa. Serikali ilitupatia chumba, meza tatu, na mimi wa kupiga chapa na kupika chai. Pesa za gari na mafuta ziliandikwa kwa bajeti kila mwaka na hazikufika. Kontrakta akitaka leseni yake ifanywe upya, mkubwa wangu alipaswa kwenda kuiona kazi yake kwanza, sasa aende na nini? Kontrakta mwenyewe alikuwa anatuma gari, anamchukua, anamlisha nyama kule Majengo, anamrudisha. Tulizoea. Hata simu nilikuwa napiga mimi: "Tuma gari, mkubwa yuko tayari."

Kontrakta wenu, yule uliyemfanyia ufundi kwa lile jengo la Makutano, hakutuma. Ati gari liko gereji. Wiki ya kwanza, ya pili. Leseni yake ikaisha, kazi ikasimama, nawe ukawa unashinda kwa mlango wa nyumba ukitafuna yale majani yenu ya muguka ya Mbeere, mimi nikikukemea kwa jina la Yesu na wewe ukinicheka. "Mama Kendi, hiyo karatasi yetu mmeikalia ya nini? Wewe una mshahara, mimi nina nini?" Hilo neno lilinichoma.

Kwa hivyo mkubwa aliponiambia niandike kazi imeangaliwa, ati ataenda kuiona pesa za mafuta zikiingia, sikubisha. Muhuri nilipiga mimi. Na nilijua, Baba Kendi. Ulikuwa umeniambia jikoni kwamba vyuma vya hiyo slabu ya zege, hata banda la kuku lingevikataa. Nilicheka pamoja nawe.

Jioni hiyo ulipitia soko la Gakoromone ukaniletea nduma, magimbi yale makubwa. Ukasema, "Leo nimejua nimeoa serikali." Nikaanza kumenya. Ulidhani kuna mtu amepanda ngazi, akavitazama vile vyuma, akaridhika. "Kama wenye kusoma wameona ni sawa, mimi fundi ni nani?" Ndivyo ulivyosema. Asubuhi ukaenda. Siku ya nne slabu ikawaangukia, wewe na wenzako wawili.

Sasa nikupe ya huku.

Siku ya kukuzika, kontrakta alileta hema na viti, akakaa mstari wa mbele. Alikuita "mtu wangu". Mama yako akamshika mikono miwili, akambariki kwa Kimbeere, na watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Mwezi haujaisha, mkubwa akanipa barua ya kuomba Nairobi pesa za gari niichape. Akataka majina yenu yote matatu yaingie. "Anza na mzee wako. Andika ameacha mjane anayefanya kazi hapa hapa. Hiyo itawagusa." Nilikosea herufi moja ya jina lako. Akanirudishia nirekebishe.

Pesa zikaja. Miaka yote tumelia hazikuja, lakini hizi zilikuja mbio. Siku gari lilipofika dereva aliligonga boneti akaniambia, "Mama Kendi, mzee wako amefanya kile wabunge wameshindwa!" Ofisi nzima ikacheka. Niliwawekea chai. Mmoja akaniambia haina sukari ya kutosha.

Hiyo yote ningeibeba. Tumefundishwa kubeba. Lakini kesho Jumatatu wageni kutoka Nairobi wanakuja kuuliza ile leseni ilitokaje, na siku ya Alhamisi mkubwa aliniita, akafunga mlango. "Mama, tusaidiane. Utasema mume wako ndiye alikuwa anapunguza saruji. Alikuwa mtu wa kutafuna, kila mtu anajua. Marehemu hashtakiwi, na wewe unabaki na kazi." Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Kwa mara ya kwanza katika ofisi ile, mtu mwingine alikuwa amechapa. Ilibaki sahihi yangu tu.

Niliichukua nikaja nayo nyumbani. Sitakudanganya, nilishika kalamu. Kendi bado yuko chuo cha ualimu Embu, na hii kazi ndiyo inamsomesha. Nikajiambia wewe umelala, hayakuumi, na ulikuwa mwepesi wa kusamehe. Nimefunga na kuomba siku tatu Bwana aniambie tu, "Weka sahihi." Wewe unajua vile huwa namsumbua mpaka ajibu. Safari hii amekataa kabisa kunijibu.

Jana Kendi alikuja, nikamweleza yote, na ya muhuri pia. Hakulia. Aliniangalia, akasema, "Kwa hivyo ni wewe, Mama." Akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe. Leo tumeenda kanisani tukakaa benchi moja na hajaniongelesha.

Halafu tukitoka ibadani nikamsikia mzee wa kanisa akimsifu kontrakta wako. Ameanza ghorofa nyingine. Ana leseni, ameibandika kwenye mabati yaliyozunguka kazi, halali kabisa, haijaisha. Ni ile ile niliyoipigia muhuri, Baba Kendi. Na juu kuna mafundi wanaoiamini kama wewe.

Ile karatasi nimeichoma kwa jiko. Kesho nitawaambia hakuna mtu aliyeenda, na mkono uliosema tulienda ni huu wangu. Kazi najua imeisha. Labda na mimi nitafungwa, maana mkubwa ana watu wake na mimi nina wewe tu, na wewe hutoki hapo. Kendi akikosa kurudi chuo, usinilaumu peke yangu.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi hakuna mahali watakapoandika kwamba ulipunguza saruji. Na wale walio juu ya ghorofa ile, nitakuwa nimewashusha kabla ya saa sita mchana, nikisikilizwa.

Ni mimi,
Mama Kendi