Mtu wa Kipara Nyuma ya Mbuzi

Jumatatu, 4 Machi
Toleo jipya la jarida letu la katuni limetoka. Mbuzi Mpelelezi, yule yule wa televisheni, yuko mbele anang'aa. Mimi huchora vya nyuma yake: maduka, nyaya, umati. Nani hutazama ukuta! Nimekula peke yangu, nikaosha sahani moja.

Jumatano, 6 Machi
Makubwa! Mhariri kaja mezani kwangu akicheka. Eti wasomaji wanashindana mtandaoni kutafuta tulichoficha kwenye picha. Bango la duka limetoka kwenye wimbo wa zamani. Namba ya teksi ni mwaka wa filamu fulani. Na yule mwanamume wa kipara, mwenye mfuko wa mkate, anayepita nyuma ya Mbuzi kila toleo — ni mwizi wa benki kwenye filamu ya kale! Wameweka na picha mbili sambamba. Kipara ni kipara, jamani.
"Kumbe kimya chako kina mshindo, mama!" kasema mhariri.
Namba ya teksi niliibuni tu. Yule wa kipara ni marehemu mume wangu. Nilianza kumchora ili nisishinde peke yangu kutwa.
Sikumwambia. Nilicheka naye.

Alhamisi, 7 Machi
Mhariri anataka ukurasa wa mwisho uwe wa hayo mambo yote, yamethibitishwa na mchoraji. Nitie sahihi kwamba kipara ni yule mwizi. Nikitia, basi, nimempoteza hata kwenye karatasi. Nikikataa itabidi nieleze, ofisi nzima inionee huruma. Siitaki huruma yao!

Ijumaa, 8 Machi
Binti yangu kapiga simu! Yeye mwenyewe! Kwa kawaida ni ujumbe: uko poa? Najibu: niko poa. Leo kachangamka. Kazini kwao gumzo ni kipara tu. "Mama, kumbe una mambo! Hukuniambia unapenda filamu."
Tumeongea mpaka sikio likapata moto. Filamu yenyewe sijawahi kuiona. Nimeongopa bila kupepesa macho, na nimefurahi mno.
Baba yake alifariki yeye hajatimiza mwaka. Anamjua kwa picha za ujana tu, nywele tele.
Mhariri nimemwomba anisubiri hadi kesho kutwa... hapana, Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi
Kapiga tena! Kanunua matoleo yote ya nyuma, anayapekua huku anauliza. Hili limetoka wapi, na lile? Nami nabuni tu.
Kisha kafika toleo la tano. Kipara kabeba mtoto mabegani, mtoto kamshika masikio. "Na haka katoto, Mama, kenyewe kametoka filamu gani?"
Ni yeye. Alikuwa akimshika baba yake hivyo hivyo, mate yanadondoka kiparani.
Nimemwambia asubiri, maziwa yanafurika. Hakuna maziwa jikoni. Simu iko hapa mezani, nasikia anafunua kurasa. Sasa ananiita — Mama? Mama, upo?