Kurasa za Karanga

Jumatatu, 5 Agosti
Siku ya tisini na mbili. Nimefagia ua, nimeanika mashuka, nimerudi chumbani. Kutoka mlango wa jikoni hadi ukuta wa nyuma ni hatua thelathini na moja. Juu ya ukuta naona majani ya mchikichi na kipande cha mbingu chenye moshi wa kiangazi. Ziwa silioni. Nasikia tu harufu ya dagaa wanaoanikwa.

Nimeweka alama kwenye kalenda. Rashidi, mume wangu, alifariki tarehe sita Mei. Miezi minne na siku kumi. Tarehe kumi na sita Septemba natoka eda. Nimempigia mjomba aliye Mwandiga, nimempa tarehe hiyo, amesema atakuja kunichukua.

Nimesoma tena kurasa zangu. Hapa Ujiji sina kitabu kingine.

Jumamosi, 10 Agosti
Chuoni wenzangu walipenda kusimulia vitabu vilivyowaingiza kwenye hadithi za dunia zisizokuwepo. Wote walikuwa na majalada ya kuelezea. Mimi ningesema nini? Kwamba mimi niliingizwa na karanga?

Nilikuwa darasa la tano. Soko la Mwanga, mama mmoja Mrundi aliuza karanga, akizifunga kwa karatasi za kitabu kinene kisicho na jalada. Anachana ukurasa, anauviringa, anajaza. Wa kwanza kunifikia ulikuwa wa thelathini na moja. Msichana analinda lango chini ya ziwa. Kila anayepita humwachia jina lake. Ana majina elfu moja na hana la kwake. Nilisimama palepale, karanga zikamwagika. Hadithi za bibi nilizijua, za sungura na fisi, zinaanza na kuisha jioni moja. Hii ilikuwa dunia nzima. Nami nilikuwa nimepewa kipande chake, kina mafuta na chumvi.

Nilinunua karanga mwaka mzima. Kurasa hazikufuatana. Nilimwomba aniuzie kitabu chote kilichobaki. Alicheka. "Amahoro, amani kwako, mwanangu! Nikikupa kitabu, karanga nitafungia nini?"

Nina kurasa arobaini na tatu ndani ya bati la biskuti. Namba ya mwisho ni sabini na saba. Lango limefunguka, msichana ameinua mguu mmoja. Basi.

Jumatano, 14 Agosti
Mzee Kassimu alikuja, baba mkubwa wa Rashidi. Aliongea na Mama, mkwe wangu, sebuleni kwa sauti ya kunifikia nyuma ya pazia. Nyumba hii bado ina mwanaume, alisema. Idi ni kijana mtulivu. Mwanamke aliyezoea nyumba ana haja gani ya kuanza kuzoea nyingine.

Idi ni mdogo wake Rashidi. Ana duka la betri za sola kule Mwanga. Hajawahi kunikosea. Akipita uani hugeuza uso na kusema, "Samahani, shemeji," hata kama sipo.

Mtu haruhusiwi kumposa mwanamke aliye ndani ya eda. Kwa hiyo hawasemi. Na wasichokisema siwezi kukikataa. Nakaa nacho chumbani kama kabati la mtu mwingine.

Jumanne, 20 Agosti
Mama amelichukua bati langu. Alikuwa anatafuta sindano. Hasomi herufi hizi, anasoma za Kiarabu tu. Aliona mchoro wa lango uliozungukwa na nyota na alama, akashika kifua.

"Hizi ni hirizi. Nani kakufunga humu, mwanangu?"

Nilieleza. Hakusikia. Alijitanda kanga akatoka kwenda kwa mwalimu wa madrasa. Nilimfuata mpaka kizingiti cha mlango wa mbele, nikaishia hapo, vidole vya miguu vikiwa ukingoni.

Namchukia. Nimeliandika na silifuti.

Ijumaa, 23 Agosti
Bati limerudi. Mama aliliweka kitandani bila kuniangalia.

"Mwalimu anasema si uganga. Hadithi tu." Akakohoa. "Ila anauliza, baada ya sabini na saba kunani?"

Nilicheka kwa sauti. Mara ya kwanza tangu Mei. Nikaona aibu, nikaziba mdomo.

Jumapili, 1 Septemba
Kila siku baada ya alasiri namsomea Mama. Anachambua mchele, ananikatiza. Mbona huyu msichana hali chakula? Mama yake yuko wapi? Penye pengo la kurasa najaza mwenyewe, na anajua. "Hapo umetunga. Mwenye kitabu hasemi hivyo."

Leo tumefika mwisho. Nikamwambia mimi siku zote nilijua kwamba anavuka. Mama akatikisa kichwa.

"Anarudisha mguu. Akiondoka, lango atalinda nani?"

Hakuwa anaongea juu ya kitabu. Alimzaa Rashidi, akamzika. Ningekuwa na mama mkwe mbaya ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 5 Septemba
Mjinga mimi. Mjinga mwenye shahada.

Asubuhi Mama alisema mwezi umeandama, zimebaki siku saba. Nikamwonyesha kalenda, tarehe kumi na sita. Akanitazama kwa huruma. "Eda unaihesabu kwa kalenda ya dukani?"

Huhesabiwa kwa mwezi wa angani. Nilisoma hivyo madrasa nikiwa mtoto. Hata msichana wa langoni huhesabu kwa mwezi, mstari huo nimeusoma mara mia.

Natoka Alhamisi ijayo. Siku hiyohiyo Mzee Kassimu anakuja na watu wake. Mjomba amekwenda Kasulu kununua maharage, hawezi kuacha mzigo, atafika Jumamosi. "Wewe si umesoma? Wajibu mwenyewe," akasema, simu ikakatika.

Jumatano, 11 Septemba
Mama ameleta gauni la kesho. Rangi ya zambarau, ameshona mwenyewe. Limenikaa sawasawa. Nimeandaa sentensi sita. Nazirudia nikitembea uani. Hatua thelathini na moja, ukuta. Thelathini na moja, mlango. Sina njaa. Naogopa kwamba nitanyamaza.

Alhamisi, 12 Septemba
Nilinyamaza.

Wanawake waliniogesha alfajiri, wakanifukiza udi. Adhuhuri walikaa sebuleni, Mzee Kassimu, Idi, mwalimu, majirani wawili. Mzee akasema wazi, kwa mara ya kwanza, kwamba wanamtaka binti yao abaki, aolewe na Idi. Sentensi zote sita zikanitoka kichwani. Niliangalia mkeka.

"Kimya," Mzee akasema, akitabasamu. "Amekubali."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Kimya ni jibu la mwari, mzee. Huyu ni mjane. Mjane husema mwenyewe."

Wakasubiri. Na mimi nikaona kwamba kile wasichokisema sasa kimesemwa. Kipo mbele yangu, naweza kukirudisha.

"Sitaki."

"Hajaelewa. Mama Rashidi, hebu mweleze."

"Nimeelewa, mzee. Sitaki."

Idi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, kila mtu akaisikia. Jirani mmoja akacheka puani. Mwalimu akaomba chai.

Mama alimimina chai mpaka ikafurika kwenye sahani.

Jumapili, 15 Septemba
Mwandiga. Mjomba alinichukua jana mchana. Nililiona ziwa tulipopanda kilima, jeupe, milima ya Kongo imefichwa na moshi. Mama alinisindikiza hadi barabarani. Alinifungia mzigo mwenyewe, mafundo mawili. Alinishika mkono kwa muda mrefu, akauachia.

Leo nimekaa nje, nimefagia, nimekaa tena. Jioni nimefungua bati. Nimehesabu mara mbili. Arobaini na mbili.

Haupo wa sabini na saba. Umebaki kwa Mama, na hawezi kuusoma.

Sitauulizia.