Kachupa Kalikoota Moto

Mama yangu,

Leo motari ameleta tena na pikipiki yake kisanduku cha barafu kutoka Goma. Nimekipokea mwenyewe kwenye mlango wa labo ya hospitali, nikalia mbele yake kama mutoto. "Dada, dawa iko mubaya?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, iko muzima.

Unakikumbuka kile cha kwanza? Ilikuwa siku ya Mungu, labo imefungwa, mimi niko kanisani, motari akakuachia wewe hapa nyumbani Kibabi. Ukafungua. Ukaona kachupa kamelowa, kana baridi sana. Kwetu milimani, anayefika amelowa anakaribishwa kwanza kwenye mafiga. Ukakafunga na kitambaa chako cha kichwa, ukakaweka karibu na chungu cha maharagwe. Niliporudi ulikuwa na furaha kabisa: "Nimekaotesha moto, mwanangu. Kalikuwa kanakufa na baridi!"

Ee Mungu wangu, nilivyokupigia kelele! Nikakuambia umeua dawa ya kupimia damu. Dawa ile inajishika kwenye protini yenye sukari, juu ya ngozi ya chembe nyeupe zinazolinda mwili, halafu tunazihesabu. Ikipata joto, haishiki kitu tena. Hukuelewa hata nusu. Ulielewa tu kwamba kuna mugonjwa anaingoja.

Asubuhi ukanipa sahani ya maharagwe na mihogo, umeifunga vizuri. "Umupelekee ule mugonjwa. Umwambie anisamehe, sikujua."

Nikaichukua. Niliporudi kutoka kazini ukauliza, "Alisema nini?"

"Amekusamehe, Mama."

Ukamshukuru Mungu kwa sauti, ukarudi kuchambua maharagwe yako.

Halafu barabara ya Goma ikafungwa, wiki baada ya wiki. Ukazidi kukonda na kukohoa, muganga wa hospitali akawa anabahatisha tu bila kipimo. Kachupa kengine kalifika tumeshakuzika.

Muganga alikuwa ameniagiza nikuambie taratibu, nami nikakosa moyo. Ule mugonjwa ni wewe mwenyewe, Mama. Ni chembe zako tulitaka kuhesabu. Maharagwe yale nilikula mimi, nimesimama nyuma ya labo, nikamaliza yote, machozi yakinitiririka. Yalikuwa matamu, kama siku zote.

Kwa hiyo wewe ulisamehewa kweli, na mimi niliyeyala, hapo sikukudanganya. Ila zile kelele zangu, Mama, nani atanisamehe?

Ni mimi, binti yako wa labo.