Yaya, Mama Sifa Hakukuchoma

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Sikuandikii kukusalimia. Minye nakuja na hasira, na unajua hasira yangu: mtu mmoja tu mu Kalundu yote aliiweza, na huyo akaenda kufa.

Tangu tukuzike, Shangazi amehamia kwako. Anakalia kiti chako, anakunywa chai yako, na kila mgeni akiingia anaanza upya: "Furaha alichomwa na mutu. Alisema mwenyewe."

Ndiyo, ulisema. Kansa ya titi ilikupeleka ng'ambo ya mpaka, kwenye masini ya miali, ile mionzi ya kuchoma kansa. Kifua kikaungua, ngozi ikafunguka kama kitambaa kibovu, ukatoroka dokta hajamaliza kazi. Ukarudi hapa, kansa nayo ikarudi nyuma yako. Siku ya mwisho ukamnyooshea kidole rafiki yako Mama Sifa, aliyekupikia na kukuosha hospitalini muda wote ule: "Huyu mwanamke alitia kitu mu mafuta ya kunipaka." Kisha ukafa! Nani atabishana na neno la mwisho la mtu? Kwetu hilo linapita hukumu ya tribinali. Wanawake walioosha maiti yako wakaona kifua, wakapiga kelele, na Mama Sifa akakimbilia Nyakabere, mawe yakimfuata. Hata kukulilia hakupewa nafasi.

Sasa sikia matunda ya kidole chako. Binti yako Riziki amepatwa na uvimbe, titi lile lile la kushoto. Wamemkata uvimbe vizuri, kinachobaki ni miali. Amekataa. Shangazi amemjaza: "Waliomaliza mama watamaliza mutoto." Anataka kujifungia kwenye chumba cha maombi, kansa imngoje mlangoni, sijui kwa adabu gani.

Nikavuka mpaka hadi kwa dokta wako yule yule. Mimi niliyefika Kigoma, Mpulungu na Lubumbashi, Kifaransa cha dokta hakinitishi. Nilichokosa kusikia akakirudia kwa Kiswahili. Nikamuuliza: mama wa kitanda kilichopakana na chako, masini ile ile, kansa ile ile, alirudi kwao ngozi imekuwa nyeusi kidogo tu, kama mtu aliyelima juani. Mbona wetu aliungua hivyo?

Akasema miali inavunja kansa na nyama nzuri pamoja, kisha mwili unajitengeneza. Namna ya kujitengeneza mtu anazaliwa nayo, ameirithi kwa baba na mama, na haifanani kwa wote. Wengi wanapona upesi, wachache wanaungua vibaya. Nikamwambia, kumbe ni wabeba mizigo wetu wa Kalundu: gunia ni moja, mgongo wa huyu unabeba, wa yule unakatika. Akacheka, akasema ndivyo. Toka siku hiyo minye ni nusu dokta, bandarini wote wanajua.

Kupima damu mbele ili kujua nani ataungua? Akasema wenye elimu wangali wanatafuta, hakuna kipimo cha kuapia. Riziki anaweza kuwa amechukua mwili wako, au wa baba yake. Ila sasa wakijua yaliyokupata, watapanga miali kwa uangalifu na kumtazama ngozi kila mara. Na mafuta? "Hakuna mafuta ya kupaka yanayofungua kifua namna ile."

Umesikia, Yaya? Ulikuwa na maumivu, najua, nilikushika mkono. Lakini ulikosea, na sikuachii.

Nilimkuta Mama Sifa shambani Nyakabere. Jembe hakuliweka chini. "Mumekuja kumalizia mawe?" Nilimwomba msamaha, nikamwomba arudi, hadi sauti ikakauka, minye mwenye mdomo huu! Jana nikamwingiza nyumbani kwako, mbele ya wote, nikasema aliyosema dokta. Shangazi akaruka: "Unafanya marehemu muongo!" Nikamjibu: "Marehemu alikuwa na maumivu, Shangazi. Weye uko na mudomo tu."

Mama Sifa hakumtazama hata mmoja. Alimwambia Riziki: "Nitakupikia, nitakufulia. Lakini mafuta utajipaka mwenyewe."

Riziki akacheka. Kicheko chako kile cha puani, Yaya, kile... Bon. Akainuka kufunga vitenge vyake vya safari.

Kesho tunavuka mpaka. Ngozi yake ikianza kufunguka, nitapiga kelele kwa dokta hadi zisikike Kalundu, lakini kutoroka sitamruhusu. Na popote Shangazi atakapotaja neno lako la mwisho, minye nitakuwa hapo kulipinga. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Lala, Yaya wangu. Akipona, nitamleta hapa kaburini, na Mama Sifa atakuwa kando yake. Weye una muda mwingi huko chini. Tafuta cha kumwambia Mama Sifa.

Mdogo wako