Boyi, Neno Lililopanda Treni

Tata mpendwa, baba uliyenizaa,

Nimekuota tena. Ulikuwa unarudi kwetu Kamalondo kutoka mji wa Wazungu, umevaa nguo zako nyeupe, maua ya jakaranda yamenata kwenye viatu, wala huna haraka. Nilitaka kukuita, nikaamka kabla sauti haijatoka. Basi nakuandikia. Nina habari, na nina swali ambalo sikuthubutu kukuuliza ulipokuwa hai.

Unaikumbuka siku mama alipougua, ukanipeleka kazini kwako, nyumbani kwa Madame, yule Mbelgiji uliyemtumikia? Nilikaa jikoni. Kila kitu kiling'aa, masufuria, sakafu, hata hewa yenyewe niliiona kama imepigwa pasi. Kisha akaja mtoto wa Madame, ambaye hata jino la kwanza hajang'oa, na viatu vyake mkononi. "Boyi! Funga!" Ukapiga magoti, ukamfunga kamba taratibu. "Ndiyo, bwana mudogo." Nawe mvi zilikuwa zimeshaanza kichwani.

Njiani nikakuuliza hilo ni jina gani. Ukacheka. "Ile iko nguo ya kazi, mwana yangu. Naivulaka kulekule. Huku Kamalondo bantu banajua miye ni Ilunga." Nikakuamini. Nililiona kabisa neno lile limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa Madame, pamoja na aproni yako.

Mjomba, kaka yake mama, yule wa reli ya Sakania, ndiye aliyetueleza. "Ile neno haiko ya Babeleji. Iko Kingereza. Ilipanda treni kule kwa Bangereza, Babeleji baliiokota tu." Na maana yake? "Mutoto mwanaume." Mama akagonga mwiko kwenye chungu cha bukari, ugali wetu. "Mutoto? Huyu mwenye kunizalisha batoto batano?" Tulicheka hadi majirani wakachungulia. Mjomba, ambaye ukimpa sikio hakurudishii, akaendelea: mwalimu mmoja wa Ndola, kule kwa Waingereza, alimwambia kwamba Waingereza wenyewe hawana hakika neno lao lilizaliwa wapi. Hapo kale lilimaanisha mtumishi kabla halijamaanisha mtoto, na wapo wanaodhani lilianza kwa mtu aliyetiwa minyororo. Wewe hapo hukucheka tena. "Kumbe ilitembea sana," ukasema, ukanawa mikono, tukala.

Halafu ile Jumapili baada ya misa. Ulisinzia kwenye kiti uani, mdomo wazi, na mama akakuita uje kula. "Ilunga! Ilunga!" Hukusikia. Mjomba, kwa utani wake, akaita, "Boyi!" Ukaruka, ukasimama wima, mikono imenyooka, macho bado yamefumbwa. "Ndiyo, Madame!"

Hakuna aliyecheka. Mama alikushika bega, akakukalisha.

Swali langu ndilo hilo, Tata. Je, kweli uliliacha kule mlangoni kila jioni? Au lilikufuata nyumbani, likakuingia, na ukaenda nalo kaburini? Siku tunakuzika, kila mtu alilia akiliita jina lako kwa sauti, na mimi nilikuwa na hofu moja tu, kwamba huko ulikokwenda ukiitwa Ilunga hutageuka. Hofu hiyo bado ninayo. Na hasira pia ninayo, siwezi kukuficha.

Sasa habari. Nimezaa mtoto wa kiume. Padri amempa jina la mtakatifu, sawa, na mume wangu alikuwa na jina la upande wao, lakini kwa hilo nilimshinda. Mtoto ni Ilunga. Nawe unaijua desturi yetu: aliyepewa jina la mzee huheshimiwa kama mzee. Hapa nyumbani hakuna anayemwita mtoto. Mimi namwita Tata. Mjomba akiingia anamvulia kofia. Na mama, siku ya kwanza kumpakata, alimtazama muda mrefu, machozi yakimdondokea kitambaani. "Bwana yangu," akamwambia, "ulirudia? Uliniacha miye sana."

Sijui kama hilo ni jibu. Ila ana sauti, Tata! Akilia tu, mama anaacha moto, mume wangu anaiangusha baiskeli, mimi naacha kalamu, na sote tunakimbia kumtumikia.

Ndiye huyo anaita. Lala salama, acha niende.

Binti yako, ambaye sasa ni mama yako