Kosa la Daktari Rumyana

Dada yangu Bilyana,

Pokea salamu kutoka huku kando ya mto Danubi. Goti la mama linaendeleaje? Na wewe, wodi yako ya watoto haijakumaliza? Sisi wazima, mume wangu Petko amekwisha kula pilipili zote ulizoleta, wala hana haya.

Yule Rumyana, daktari mwenzangu wa wodi ya vichanga niliyekuandikia habari zake, amezidi kung'ara. Mwezi uliopita aligundua maambukizi ya damu kwa kichanga ambacho mimi nilikiona kizima, akakiokoa. Tangu hapo wodi nzima ni Rumyana, Rumyana. Hata muuguzi Stoyna, niliyefanya naye kazi miaka yote hii, humletea banitsa ya moto iliyojaa jibini, mimi naambiwa, "Daktari, kwako kimebaki kipande cha pembeni, usinune."

Jumanne kikaletwa kichanga cha siku nne, kimepauka, kinahema mbiombio, hakitaki ziwa. Rumyana alikitazama tu, akasema ni maambukizi, kama kile cha mwezi uliopita. Wote wakaitikia. Dawa zikaanza, na kila dalili ikapewa jina lilelile. Miguu ya baridi, maambukizi. Mkojo hautoki, maambukizi.

Mimi nikakipapasa kinenani, nikakosa mapigo, ilhali mkononi yanadunda. Nikasema ni mshipa mkuu utokao moyoni, umebanwa, damu haishuki chini. Rumyana akaniuliza mbele ya watu kama nina hakika au nina langu jambo. Tukapima, ukawa moyo kweli. Kikakimbizwa hospitali kuu ya Sofia, kikapasuliwa, na sasa kinanyonya.

Nikangoja nione Rumyana atauficha wapi uso wake. Kumbe asubuhi iliyofuata alitukusanya, akasema wazi kwamba alikuwa akimwona mtoto wa mwezi uliopita, huyu hakumwona kabisa. Stoyna akamkumbatia. Aliyenipongeza mimi hakuwepo.

Dada, nikuambie lisilosemeka. Sikukipapasa kile kichanga kutafuta ugonjwa. Nilikuwa natafuta kosa la Rumyana; wivu ndio ulioongoza vidole vyangu. Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Ingekuwa wewe uliyesema maambukizi, wewe ninayekuamini kuliko yeyote, ningeitikia kama wenzangu, na leo mama wa kichanga angekuwa amevaa nyeusi.

Mbusu mama. Ukija Pasaka utamkuta Rumyana mezani kwetu. Nimemwalika mwenyewe, ingawa bado simpendi.

Mdogo wako akupendaye,
Tsvetana