Sirudi Mpaka Buibui Aishe Kuchorwa

Mgodini Geita,
9 Agosti, 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Cornel,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Philomena na watoto mkiwa wazima, na kwamba mahindi yameingia ghalani kabla ya panya kuyaonja. Mimi sijambo. Shangazi Generosa naye hajambo, ila mguu wake unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Anakusalimu, ingawa nilimsomea barua yako na hakuipenda.

Nami sikuipenda. Unasema Januari, yule mchuuzi wa chumvi, amerudi kutoka huku na kuwatangazia watu wa Ushirombo kwamba mimi Melania, niliyefundishwa kudarizi na masista, sasa kazi yangu ni kumchorea Mzungu uchi wa wadudu. Unasema nimelichafua jina la marehemu baba, kwamba mama hali wala halali kwa aibu, na kwamba kesho yake alikuwa anakwenda Kahama kwa mama mdogo Euphrasia kutibiwa kifua ambacho mimi ndiye niliyekiumiza. Tena unasema nisiporudi kabla ya mwezi kwisha utakuja kunichukua mwenyewe, kabla Ignas wa Mzee Mihayo hajabadili nia. Kaka, nakuheshimu, lakini sirudi. Nimelisema mapema usije ukachoka kulitafuta.

Januari hakusema uongo, alisema nusu. Mis Haliwel, dada yake fundi mkuu wa mitambo, ni mama mtu mzima anayekusanya buibui, na amempata mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwandika katika vitabu. Ni wa jamaa ya wale unaowajua, bapa, wenye miguu iliyotandazwa kama ya kaa, wasiofuma utando bali wanaokimbiza mende ukutani. Huyu wetu ana mapaja mekundu kama kutu na doa jeusi chini ya tumbo. Lakini wenye elimu hiyo hawaamini rangi, maana rangi hudanganya. Kinachomtenga buibui wa namna moja na wa namna nyingine ni maumbile ya uzazi: kwa jike ni kibamba kigumu kilichoko chini ya tumbo, na kwa dume ni ncha za vile vimikono viwili vilivyo karibu na mdomo. Hivyo ndivyo ninavyovichora, nikitazama kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, huku nimebana pumzi. Wino ukitiririka kidogo tu, naanza upya. Kama huo ni uchi, basi anza na jogoo wako, mvalishe suruali.

Uliuliza pia kwa nini sikuja mwezi wa sita kama nilivyoahidi. Ilikuwa hivi. Tulimpata jike amekumbatia kifuko chake cha mayai, kile cheupe, cha mviringo, kilichokauka kama karatasi. Mis Haliwel alifurahi mno, akanipa nikamchore nyumbani, kwa sababu kwake kulikuwa na wageni. Nikamwacha ndani ya kopo, nikaenda kisimani. Huku nyuma Masele, jirani yetu anayepasua magogo ya kushikilia mashimo ya mgodi, akaletwa kiganja kimepasuliwa na shoka, damu inachuruzika. Shangazi alifanya ambalo mama yeyote wa kwetu angelifanya: alitafuta kifuko cheupe cha buibui abandike kwenye jeraha. Ukutani hakukuwa na hata kimoja, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesiriba majuzi. Akafungua kopo, akambandua yule jike kifuko chake, akakibandika. Buibui akapita mlangoni na kwenda zake.

Damu ilikatika, kaka, hilo nisimnyime shangazi. Lakini Mis Haliwel alipoambiwa alikaa chini kwenye ngazi za nyumba yake na kufunika uso. Kisha akaomba apelekwe kwa Masele, akakitazama kiganja chake kwa muda mrefu, akauliza kama kifuko kinaweza kubanduliwa. Masele alikataa kabisa, akasema mkono ni wake. Tukarudi porini kugeuza magome ya miti mpaka tukapata jike mwingine, na huo mwezi wa sita ukapita nikiwa ninachora.

Jike sasa amekwisha kuchorwa. Shida ilibaki dume. Bila dume maelezo hayakamiliki, maana wenye elimu hiyo huko Ulaya wanaweza kusema huyu ni yule yule wa zamani, wakamtupa kando. Tulitafuta dume Geita nzima, tukakosa. Mis Haliwel alikuwa ameanza kusema tuache, na mimi nikamjibu kwamba mimi siachi. Nilishangaa mwenyewe kusikia sauti yangu. Sijawahi kupenda kitu namna hii. Nikishika kalamu ile, najiona mtu kamili.

Kuhusu Ignas, sina ugomvi naye, ni kijana mzuri na nasikia anaimba vizuri kanisani. Lakini ng'ombe wa baba yake waliingia zizini mwako mimi nikiwa huku, na hakuna aliyeniuliza neno. Wewe uliwapokea, basi wewe ndiye uliyeposwa.

Sasa kaka, kaa chini. Mama hakwenda Kahama. Yuko hapa. Alipanda lori la pamba, akafika kabla ya barua yako, na nilipokuwa nikimsomea pale ulipoandika kwamba hali wala halali, alikuwa anatafuna karanga.

Januari alipokuwa akinitangaza pale gengeni, mama alimvuta kando, akamuuliza huyo buibui yukoje, akaambiwa pia kwamba dume tumemkosa. Aliposikia mapaja mekundu, alijua amemwona wapi. Ile asubuhi uliyokuwa ukiniandikia barua ya kunirudisha, aliingia chumbani mwako na ufagio, nawe ukamkemea kwamba anakutilia vumbi kwenye wino. Hakuwa anafagia. Alikuwa anamfunika dume kwa kopo, juu ya kichwa chako. Amempakata safari nzima, na kila lori liliposimama alimfunulia kifuniko kidogo apate hewa. Mis Haliwel alipomwona dume alimkumbatia mama, na mama, unavyomjua, akauliza kama kuna chai.

Kwa hiyo maelezo yatapigwa chapa, na mahali pa dume pataandikwa Ushirombo, ukutani, nyumbani kwa Cornel Bujiku. Mimi mwenyewe nimeandika kikaratasi chake cha kutaja alikopatikana. Jina langu litakuwa chini ya michoro, lote, si herufi ya kwanza tu. Hilo nalo nililidai.

Nisalimie wifi, watoto, Baba Paroko, na hata Januari, umwambie ahsante. Shangazi anakusalimu tena, safari hii kwa moyo. Mama naye anakusalimu sana. Anasema siku ile ng'ombe wa Mzee Mihayo walipoingia zizini alinyamaza kwa sababu hukumuuliza. Leo anasema bila kuulizwa: warudishe. Na ukija kunichukua, njoo, lakini utatukuta wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Melania Bujiku